Nani anamlisha nani? Hesabu ya wategemezi ukiitazama kutoka Kibosho

Tarehe 31 Oktoba 2022, pale Uwanja wa Jamhuri Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba Watanzania tumefika 61,741,120, hapa Moshi mjadala ulikwenda moja kwa moja kwenye mashindano ya mikoa. Kilimanjaro watu 1,861,934. Arusha watu 2,356,255. Kwenye sensa ya 2012 tulikuwa tumekaribiana kabisa: sisi 1,640,087, wao 1,694,310. Leo wametuacha kwa karibu nusu milioni. Wateja dukani kwangu walilibishania hilo siku kadhaa. Kuna waliosema Arusha inajazwa na wageni, kuna waliosema vijana wetu wote wako Dar, na mama mmoja akasema kwa sauti kwamba wanawake wa Kilimanjaro tumechoka kuzaa.

Wote watatu walikuwa sahihi kwa sehemu yao, na nitarudi kwa kila mmoja. Ila namba iliyoninyima usingizi mimi haikutangazwa uwanjani. Ilikuja baadaye, kwenye majedwali ya umri. Inaitwa uwiano wa utegemezi.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua watoto wote walio chini ya miaka 15, ongeza wazee wote wa miaka 65 na kuendelea, gawanya kwa idadi ya watu wa miaka 15 hadi 64, kisha zidisha kwa 100. Mwaka 2012 jibu la Tanzania lilikuwa 92. Mwaka 2022 lilikuwa karibu 87. Yaani kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi walikuwa na watu 92 wa kuwalisha, kuwavisha, kuwasomesha na kuwatibu, na miaka kumi baadaye wakawa na 87.

Ukiisoma juujuu ni habari njema, na kweli ni njema. Mzigo umepungua kidogo. Lakini habari hii ina muda wake, na sisi tunaoishi chini ya mlima huu tumeshaanza kuuona upande wake wa pili kabla nchi nzima haijaufikia. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu sioni kikizungumzwa, si bungeni wala kwenye vikao vyetu vya ukoo.

Nianze na nyumba ninayoijua. Bibi mzaa baba alizaa watoto kumi, akazika watatu wakiwa hawajaanza shule. Ilipofanyika sensa ya kwanza baada ya uhuru, mwaka 1967, nchi nzima ilikuwa na watu milioni 12.3, na nyumba ya bibi ilikuwa imejaa. Babu alikuwa na kahawa, bibi alikuwa na migomba, na wawili hao ndio waliokuwa wanafanya kazi. Sensa ya 1978 ilipokuja tulikuwa milioni 17.5, na watoto walio chini ya miaka 15 walikuwa karibu asilimia 46 ya Watanzania wote. Kwa kila mtu mzima aliyeshika jembe au chaki kulikuwa na takriban mtu mmoja mwingine anayemtegemea.

Kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Nchi inapoanza kupata nafuu, utegemezi hauanzi kwa kushuka, huanza kwa kupanda. Chanjo zinafika, zahanati zinajengwa, maji safi yanapatikana, na watoto wanaacha kufa. Wazazi hawajui bado kwamba mambo yamebadilika, kwa hiyo wanaendelea kuzaa kama wazazi wao walivyozaa, wakitegemea baadhi hawatakua. Wengi wao wanakua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, karibu 147 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha ni 43. Sijui kama kuna jambo kubwa zaidi ya hilo ambalo nchi hii imelifanya katika umri wangu. Nyuma ya namba hiyo kuna akina mama ambao hawakupitia aliyoyapitia bibi.

Uzazi hufuata nyuma, polepole, kizazi kimoja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya sita. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Ndipo uwiano unapoanza kuteremka: watoto wa zamani wamekuwa watu wazima, na wao wenyewe wanazaa wachache.

Kilimanjaro tulianza mapema, na sababu yake kubwa ni ardhi. Kihamba, yaani shamba la familia la migomba na kahawa, hakikui. Kwa desturi yetu kijana wa kwanza na wa mwisho ndio wenye nafasi ya uhakika katika urithi wa baba, na wa katikati hutafuta pa kwenda: wengine tambarare, wengine mjini. Kihamba cha babu kiligawanywa, kikagawanywa tena, na leo ndugu zangu wengine wana vipande ambavyo ukijenga nyumba ya vyumba vitatu, migomba inayobaki unaihesabu kwa vidole. Mtu anayeishi hivyo hahitaji semina kuambiwa kwamba watoto wanane hawatoshi hapo. Ongeza shule. Misheni zilijenga shule nyingi mlimani tangu zamani, kahawa ikalipa ada, na wasichana walisoma. Msichana anayemaliza kidato cha nne akiwa hajaolewa ni vigumu sana kufikisha watoto kumi. Mama yangu, mwalimu mstaafu, alizaa wanne. Mimi nina wawili. Leo mkoa wetu ni miongoni mwa yenye uzazi mdogo kabisa nchini, wakati baadhi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa na Magharibi bado wastani ni watoto sita.

Kwa hiyo yule mama wa dukani alikuwa sahihi, ingawa neno "tumechoka" halitoshi kueleza hesabu ndefu kiasi hicho.

Wataalamu wa idadi ya watu wana mfano wanaoupenda kuliko yote, nao ni Korea Kusini. Mwaka 1970 uwiano wao ulikuwa karibu 84, yaani walikuwa karibu kabisa na tulipo sisi leo. Mwaka 1990 ulikuwa karibu 44. Ulikatika karibu nusu ndani ya miaka 20, na katika miaka ya 2010 ulishuka chini ya 40. Wakati huohuo walifungua viwanda vya nguo, kisha vya chuma, kisha vya meli na vifaa vya elektroniki, wakasomesha wasichana na wavulana, na vijana wengi waliofika umri wa kazi walikuta kazi inawasubiri. Mchumi David Bloom na mwenzake Jeffrey Williamson walikadiria mwaka 1998 kwamba mabadiliko ya umri wa watu yanaweza kueleza hadi theluthi moja ya ukuaji wa ajabu wa uchumi wa Asia ya Mashariki. Familia yenye watoto wawili badala ya sita inaweka akiba, akiba inaingia benki, benki inakopesha kiwanda, kiwanda kinamwajiri dada aliyemaliza shule.

Sisi tumetoka 92 hadi 87 kwa miaka kumi. Ni mwendo wa polepole sana. Isitoshe, yule kijana wa Kitanzania anayehamia kutoka kundi la watoto kwenda kundi la watu wa kazi hakuti alichokikuta yule wa Korea. Moshi ilikuwa na viwanda vyake, vya magunia na vya viberiti miongoni mwa vingine, na wazee wa Njoro na Pasua bado wanakumbuka zamu zake. Leo kijana wa miaka 22 wa mitaa hiyohiyo akipata kazi, mara nyingi ni bodaboda, au kupanda mlima kama mpagazi msimu wa watalii ukifika. Namjua mmoja anayebeba mizigo hadi kambi za juu. Mwezi Julai na Agosti anakula vizuri na anatuma hela kwa mama yake Old Moshi. Mwezi Aprili, mvua zikiwa zimeshika, anakopa unga kwa mangi mwenye duka. Kwenye jedwali la sensa yuko upande wa wanaobeba wategemezi mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Desemba.

Na hapo ndipo naomba msomaji twende Kibosho, mlimani juu ya Moshi, kwa shangazi yangu.

Sensa ile ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Karani alifika kwa shangazi asubuhi na kishikwambi chake, kijana mpole, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko na kuuliza waliolala pale. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka sukari na dawa za presha. Shangazi alikuwa na miaka 74. Wajukuu watatu, wa miaka 12, 9 na 4, ni watoto wa binamu zangu wawili, mmoja yuko Dar, mwingine Arusha. Na mpwa wangu wa miaka 19, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo na mkopo. Basi.

Piga hesabu ya nyumba hiyo. Wategemezi wanne, mtu wa umri wa kazi mmoja. Uwiano wa utegemezi ni 400.

Sasa tazama kazi inavyofanyika. Anayeamka saa kumi na moja kumkatia ng'ombe majani ni shangazi. Maziwa yanakwenda kwa jirani mwenye mgahawa, na hela ya maziwa ndiyo inayonunua sabuni, chumvi na madaftari. Mikungu ya ndizi inashushwa Mbuyuni siku ya soko. Kahawa imebaki miche michache pembeni ya nyumba, lakini bado anaichuma. Yule binti wa miaka 19, ambaye kitabu kinamwita nguvu kazi, alikuwa hana hata nauli ya kwenda mjini kuulizia fomu za mkopo, akapewa na shangazi kutoka kwenye kibubu. Kwa macho ya jedwali binti ndiye anayembeba bibi. Kwa macho ya mtu aliyesimama pale jikoni, bibi mwenye miaka 74 anabeba watu wanne, na mmoja kati yao ni mtu mzima mwenye cheti.

Nimewahi kusikia watu wakitumia mifano kama huu kusema kipimo hiki hakina maana na kitupwe. Sikubaliani nao. Umri ni kitu ambacho karani anaweza kukiuliza nchi nzima kwa siku chache na kupata jibu, hata kwa mzee ambaye anakumbuka tu kwamba alibatizwa mwaka fulani. Kipato cha kila mtu huwezi kukipata hivyo. Umri pia unatabiri: mtoto wa miaka 4 wa 2022 tunajua atakuwa na miaka 14 mwaka 2032, atahitaji dawati la sekondari, na baada ya hapo kazi. Hakuna kipimo kingine kinachokuonyesha kesho kwa uhakika kiasi hicho. Kinachotakiwa ni kukisoma ukijua kimeacha nini nje.

Kimeacha nje uhamaji, kwanza kabisa. Wazazi wa wale wajukuu walihesabiwa kwingine, mmoja Dar, mwingine Arusha. Dar es Salaam ndiyo yenye uwiano mdogo kuliko mkoa wowote wa bara, kwa sababu imejaa watu wa umri wa kazi ambao watoto wao na wazee wao wamelala Kibosho, Rombo, Bukoba na Singida. Ukisoma jedwali la Dar peke yake utasema wale watu wamepumzika. Kumbe kila mwisho wa mwezi simu zinalia huku milimani. Mimi nauza vifaa vya shule karibu na stendi, na kila Januari wanaojipanga mbele yangu wengi ni mabibi. Bibi anafungua kitambaa, anatoa simu, anamwomba kijana wangu wa dukani amsomee ujumbe wa M-Pesa, kisha anaanza kuhesabu kauntabuku ngapi zitatosha. Anayelipa yuko mkoa mwingine. Anayelea yuko hapa.

Mtu wa dukani aliyesema vijana wetu wote wako Dar naye alikuwa sahihi basi, na wanaojaza Arusha ni wageni kweli, baadhi yao wakiwa ni watoto wetu wenyewe.

Uzazi umepungua na vijana wameondoka. Waliobaki wanazeeka. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kuwa na sehemu kubwa ya wazee. Kitaifa, watu wa miaka 60 na zaidi ni karibu milioni 3.5, asilimia 5.7 ya Watanzania, na kwa nchi nzima habari kubwa bado ni watoto, ambao ni karibu asilimia 43. Lakini ukitaka kuona Tanzania itakavyokuwa uzazi ukishashuka kila mahali, panda daladala ya kwenda Kibosho, Machame au Marangu siku ya kawaida ya wiki. Utaona nyumba nzuri za matofali zilizojengwa na watoto walioko mbali, madirisha yamefungwa, na nyuma kabisa, kwenye jiko la zamani, moshi unatoka kwa mzee mmoja na mjukuu.

Nije kwenye jambo linalonichoma zaidi.

Mwaka jana shangazi aliteleza kwenye matope akitoka zizini, akavunjika nyonga. Mnajua kinachofuata. Kundi la WhatsApp la ukoo likaamka. Kaka yangu mkubwa akaandika orodha: jina, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilichotolewa. Ndani ya siku mbili hela ya upasuaji ilikuwa imepatikana, kwa sababu shangazi ametoka kwenye tumbo la watoto saba waliokua, na kila mmoja wao aliacha watoto wanne au watano. Tulikuwa watu wengi kwenye orodha ile. Wengine walitoa elfu kumi, wengine laki mbili, ikatosha.

Nilipoitazama orodha usiku ule nilianza kuhesabu upande wa pili. Mama yangu atakapofika hapo, orodha yake ina watoto wanne. Nitakapofika mimi, itakuwa na majina mawili. Wale wawili watakuwa na watoto wao wenyewe wa kusomesha, huenda mmoja akiwa Mwanza na mwingine Ulaya, na wazazi wa wake au waume zao nao watahitaji. Kushuka kwa uzazi kulimpunguzia mama yangu mzigo alipokuwa na miaka 35, akaweza kutusomesha wote wanne. Kutamrudia akiwa na miaka 80, na kutanirudia mimi kwa nguvu zaidi. Ni watoto walewale wachache, hesabu ileile, isipokuwa mshale umegeuka.

Kwa Watanzania wengi pensheni ni watoto. Anayestaafu serikalini akiwa na miaka 60 ana mfuko wa PSSSF, aliye kwenye ajira rasmi binafsi ana mfuko wa NSSF, lakini shangazi hajawahi kuwa na mwajiri. Mama lishe hana. Mpagazi wangu hana. NSSF inapokea michango ya waliojiajiri, na ni jambo zuri, ila kijana ambaye Aprili anakopa unga ataanza kuchangia lini? Walio wengi wameweka akiba yao ya uzeeni kwa njia ambayo bibi na bibi yake waliitumia, wakasomesha watoto. Akiba hiyo ilikuwa salama kwa sababu ilikuwa kubwa. Mtoto mmoja akilewa, mwingine akifa, mwingine akisahau nyumbani, bado walibaki wanne. Ukiwa na wawili huna wa akiba.

Wakorea waliopita njia hii mbele yetu waliumia hapohapo. Mfuko wao wa pensheni wa taifa walianza kuutekeleza mwaka 1988, wakati uzazi ulikuwa umeshaporomoka chini ya watoto wawili. Wale waliojenga viwanda kwa mikono yao, waliokuwa na umri mkubwa tayari, hawakupata muda wa kuchangia vya kutosha, na watoto wao walikuwa wachache. Nchi ikawa tajiri, lakini kwa miaka mingi umaskini wa wazee wake umekuwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika nchi tajiri. Mwaka 2023 wastani wa uzazi wao ulikuwa 0.72. Uwiano wao unapanda tena, safari hii kwa wazee, na hakuna namna ya kuushusha haraka. Japani ilishatangulia: karibu asilimia 29 ya watu wake wana miaka 65 na zaidi.

Kuna watakaoniambia Korea ni mbali na sisi bado tuna watoto wengi. Ndiyo maana naliongea leo. Wazee wakiwa asilimia tano au sita ya nchi, kuwapa wote kitu kidogo kila mwezi ni gharama inayobebeka. Wakiwa asilimia 20 ndipo nchi inaanza kubishana nani apunguziwe. Zanzibar walilielewa hili. Tangu Aprili 2016 wanatoa Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, na walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ni kidogo, kila mtu anajua. Lakini mwulize bibi yeyote wa Kibosho shilingi 20,000 isiyoombwa kwa mtu ina thamani gani. Inanunua dawa za presha bila kumpigia mtoto simu tarehe 24 ya mwezi.

Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Tuna msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo, na kwenye vituo vya afya kuna dirisha la wazee lenye bango linalowataka wengine wampishe mzee apate huduma kwanza. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikizifikia kaya maskini sana. Vyote hivyo nimeviona vikisaidia watu ninaowajua. Ila mzee anayepishwa kwenye foleni na kisha kuambiwa dawa akanunue nje bado anarudi kwenye ile orodha ya WhatsApp. Naamini kabisa Tanzania Bara inapaswa kuanza pensheni ya wazee wote, hata kwa miaka 75 kwanza, hata kwa kiasi cha Zanzibar walichoanza nacho, na ianze katika miaka hii ambayo uwiano unashuka na watu wa umri wa kazi wanaongezeka kila mwaka.

Na kazi, jamani. Uwiano ungeweza kushuka hadi 50 na usitusaidie chochote kama wale mia moja wa katikati hawana kazi. Mpwa wangu hatimaye alipata chuo, amesomea maabara, amemaliza. Yuko nyumbani Kibosho anamsaidia shangazi na ng'ombe, kwa sababu nyonga ile haikurudi sawasawa. Anaandika barua za maombi usiku. Kila shilingi ya mkopo wa serikali na kila lita ya maziwa iliyokwenda kwake ilikuwa uwekezaji katika mtu mmoja wa umri wa kazi, na umekaa hapo unasubiri.

Kwenye ukoo wetu tuna mfuko wa kufa na kuzikana, kama koo nyingi za huku. Kila familia inachangia, mhazini anatunza, na msiba ukitokea hakuna anayehangaika na jeneza wala chakula. Tumeuendesha vizuri kwa miaka mingi na hela ipo. Mfuko wa kumtunza mzee akiwa hai hatuna, tunachanga pale tu anapoanguka. Nimeandika kwa katibu wa ukoo kuomba iwe ajenda ya kikao cha Desemba, wote watakapokuwa wamepanda nyumbani: mchango wa kila mwezi kutoka kila mwenye kipato, bima ya afya kwa kila mzee wa ukoo aliyepita miaka 70, na mshahara wa dada mmoja wa kukaa na shangazi ili mpwa wangu awe huru kwenda kazini popote itakapotokea. Nimeambatisha hesabu, pamoja na idadi ya watoto wa kila nyumba kwa vizazi vitatu. Kaka mkubwa ameshajibu kwamba kiwango nilichopendekeza ni kikubwa. Nimemwomba ahesabu tena majina yatakayokuwa kwenye orodha yake.